Kusawazisha kabureta nne kwa mpira wa levo

Pikipiki nyingi zinazopita barabarani kwetu zina silinda moja na kabureta moja. Fundi wa kijiweni anainama, anazungusha skrubu ya hewa, anasikiliza, anazungusha tena kidogo, kazi imekwisha. Sikio lake linamtosha, na ustadi huo siubezi hata kidogo. Shida inaanza anapoletewa Honda CB400 Super Four iliyoshuka kutoka Japani, kabureta nne zimepangwa mstari mmoja, naye akaisikiliza kwa namna ileile. Silinda nne zinaunguruma kwa pamoja. Tatu zikibeba mzigo, ya nne inajificha humohumo ndani ya mlio, na sikio halina namna ya kujua mvivu ni nani.

Mimi ninayo moja ya hizo na kabureta zake nazisawazisha mwenyewe uani. Wapo wanaoniuliza kama ni lazima kununua vile vipimo vinne vya uvutaji vyenye sura ya saa, vya bei kali. Si lazima. Mpira wa levo, ule angavu ambao mafundi ujenzi wanautumia kupata usawa wa msingi, unafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Lakini lazima ujue unapima nini, na ujue kwamba hii ni kazi ya mwisho kwenye injini, si ya kwanza.

Kila kabureta ina batafalai yake, kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kebo inazivuta zote kwa mpigo mmoja, ila kati ya kabureta na jirani yake kuna kiungo chenye springi na skrubu ndogo. Kwa kabureta nne skrubu hizo ni tatu: kabureta moja ndiyo ya msingi, haina skrubu, na nyingine zinarekebishwa ziifuate. Viungo vikilika au skrubu zikisogea, batafalai moja inafunguka zaidi kuliko mwenzake. Ukiwa kasi huoni tofauti, kwa sababu hewa inayopita ni nyingi. Kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila resi, ndipo mambo yanaharibika, maana pale uwazi wote wa batafalai ni mwembamba kama ukucha, na kasoro ndogo tu inamnyima mmoja sehemu kubwa ya hewa yake.

Dalili zake zinajulikana. Injini inatetemeka ukisimama kwenye taa, na ukiachia resi mizunguko inachelewa kushuka. Nyingine ni kelele ya kugongagonga upande wa klachi pikipiki ikiwa fri, ambayo inanyamaza ukibana mkono wa klachi. Kelele hiyo imewafanya watu wengi wafungue klachi nzima bure. Silinda zikisukuma kwa nguvu zisizolingana, klachi inatikiswa huku na huku. Zikilingana, kelele inapungua sana.

Sasa kabla hujagusa skrubu yoyote. Washa injini ikiwa ya baridi, subiri nusu dakika, kisha dondoshea tone la maji kila bomba la ekzosi karibu na injini. Kama kwenye mabomba matatu maji yanachemka na kwenye la nne yanatiririka tu, achana na habari za kusawazisha. Silinda hiyo haichomi. Tafuta plagi, koili, au jeti (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) iliyoziba. Pikipiki iliyokaa yadi huko Japani, ikakaa melini, ikakaa bandarini, mara nyingi inafika na petroli iliyogeuka gundi ndani ya kabureta, na tundu la jeti ya sailensi ni dogo kiasi kwamba uchafu usiouona kwa macho unalifunga. Jeti iliyoziba haisawazishwi, inasafishwa.

Tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, nazo zitangulie kurekebishwa. Nafasi ya valvu ikibadilika, uvutaji wa silinda hiyo unabadilika pia, hivyo ukisawazisha kabureta juu ya tapeti mbovu utakuwa umezipinda kabureta zifuate kosa la valvu. Halafu mipira inayounganisha kabureta na injini: inapasuka kwa umri na joto. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kuzunguka kila mpira. Mlio ukibadilika, hapo hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna skrubu itakayokusaidia mpaka ubadilishe mpira huo.

Kipimo chenyewe, cha kulinganisha uvutaji wa silinda mbili, kinahitaji mita 6 hivi za mpira angavu. Chagua ule mwembamba, wa milimita 5 au 6 kwa ndani, kwa sababu mnene hautashika kwenye matundu ya injini. Ufunge kwenye ubao wa mita 2 kwa umbo la U, ncha zote mbili zitazame juu, kisha mimina oili mpaka ifike kama nusu mita kila upande. Nyuma yake chora mistari ya sentimita. Oili iwe ile ambayo injini ikiimeza itaichoma tu na kutoa moshi: ya pikipiki za tu-stroku, au ATF, ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki, ambayo mimi naipendelea kwa sababu rangi yake inaonekana vizuri. Usitie maji. Silinda ikivuta maji mengi, pistoni itakutana na kitu kisichobanika na kinachopinda kitakuwa ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Vipimo vya zamani vilikuwa vya zebaki. Ukikutana navyo usivitumie, zebaki ni sumu na ikiingia kwenye injini ya moto inatoka ikiwa mvuke.

Oili itarukaruka kufuata kila pigo la pistoni, usomaji utakusumbua. Duka la dawa wanauza seti za dripu, zina kibanio chenye kigurudumu. Kata kipande cha mrija huo pamoja na kibanio chake, unganisha kila ncha ya mpira, bana mpaka oili itulie lakini bado iwe inasogea. Chupa ya dripu nayo usiitupe. Tenki likishatolewa ili ufikie kabureta, injini itahitaji petroli, na chupa iliyotundikwa juu ya kabureta, mbali na ekzosi, inatosha. Ifunge imara. Petroli ikidondokea bomba la moto hutakuwa na muda wa kujuta. Kama koki yako ya mafuta ni ile inayofunguliwa na uvutaji wa injini, ziba mrija wake wa uvutaji, la sivyo silinda hiyo itavuta hewa ya nje na kukudanganya.

Ipashe injini kwa kuiendesha, si kwa kuiacha imesimama. Kabureta hubadilika tabia injini ikipata moto, na ulichosawazisha kwenye baridi hakitakuwa sawa ukifika mjini. Fanya kazi nje, kwenye upepo. Moshi wa ekzosi ndani ya gereji iliyofungwa unaua mtu bila hata kumkohoza. Injini za kupozwa kwa hewa zielekezee feni, nazo zisiungurume zimesimama zaidi ya dakika chache. CB400 ina rejeta na feni yake, hiyo inavumilia.

Matundu ya kupimia yako kati ya kabureta na injini, au kwenye kichwa cha injini. Mengine yamezibwa kwa skrubu ndogo, mengine kwa kofia za mpira. Unganisha ncha zote mbili za kipimo kwa silinda mbili KABLA ya kuwasha, na matundu mengine yabaki yamezibwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya hesabu yake. Silinda kwenye sailensi inaweza kuvuta kiasi cha milimita 200 za zebaki, yaani kuipandisha zebaki mrijani kwa urefu huo. Kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko oili kwa karibu mara 15, hiyo ni kama mita 3 za oili. Mpira mmoja ukichomoka injini ikiwa imewaka, oili yote ya ubaoni inaenda tumboni mwa silinda ya pili kabla hujasema lolote. Mkono mmoja uwe karibu na swichi ya kuzimia.

Weka sailensi kwenye mizunguko ambayo kitabu kinataja, kwa CB400 ni kama 1,200 kwa dakika, kisha utazame ubao. Upande ambao oili imepanda ndio unaovuta zaidi, maana yake batafalai yake imefungwa zaidi. Wengi wanasoma kinyume, wanadhani anayevuta sana ndiye aliye wazi. Pikipiki nyingi za Honda zinapimwa kila silinda dhidi ya ile ya msingi. Kitabu kitakuonyesha ni ipi, na silinda zinahesabiwa kuanzia kushoto ukiwa umekaa juu ya kiti. Nyingine nyingi za silinda nne unalinganisha ya 1 na ya 2, halafu ya 3 na ya 4, kisha skrubu ya katikati inazileta jozi mbili pamoja.

Tumia bisibisi ndefu na ugeuze kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko au chini ya hapo. Bisibisi ikiwa bado imekandamiza skrubu, kiungo kinalala na usomaji ni wa uongo. Iondoe, piga resi mara moja, iache injini itulie, ndipo usome. Mizunguko ya sailensi itakuwa inapanda au kushuka kadiri unavyorekebisha. Irudishe mahali pake kila mara kwa kile kitufe cha sailensi. Skrubu za mchanganyiko wa petroli na hewa, zile zilizo kwenye tumbo la kila kabureta, zina kazi nyingine kabisa. Ziache.

Usikeshe ukitafuta usawa wa nywele. Vitabu vingi vya watengenezaji vinaruhusu tofauti ya milimita 20 hadi 30 za zebaki kati ya silinda. Kwa oili hiyo ni sentimita 30 na zaidi! Ukifika tofauti ya sentimita 5 umeshapita usahihi wa vipimo vya saa vya madukani, na oili kucheza sentimita mbili tatu ni injini kupumua tu. Vuta resi polepole hadi mizunguko 3,000 uone kama pande mbili zinaendelea kukaa pamoja. Zikiachana hapo ilhali kwenye sailensi zilikuwa sawa, angalia viungo vya batafalai na ekseli zake, kuna kitu kimelika.

Ukimaliza zima injini kwanza, ndipo uchomoe mipira. Kofia za matundu zikague moja moja kabla ya kuzirudisha, kwa sababu joto linazipasua na iliyopasuka itaharibu kazi yote; ni za bei ndogo, nunua mpya. Kama oili ililala sawa na injini bado inamisi, rudi kwenye jeti na plagi. Skrubu za kusawazisha zimeshafanya yao.