Kabla ya kuzuia viambatisho, uliza watu wanapokea nini

Wewe unayeanza kazi ya kompyuta hapa Kampala, ipo siku utakabidhiwa mfumo wa barua pepe na kuambiwa uweke kanuni za viambatisho. Usianze kwa kufunga. Keti kwanza na watu wa uhasibu, wa forodha na wa mapokezi, uwaulize wanapokea faili gani na kutoka kwa nani.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa katika kampuni ya kugomboa mizigo yenye ofisi Malaba, nikazuia faili zote za zip, yaani faili kadhaa zilizobanwa kuwa moja, asubuhi moja. Kumbe ankara na hati za meli kutoka kwa wakala wetu wa Mombasa zilikuja zote kwa zip. Malori yalilala mpakani siku mbili, na dada anayeandaa hati za forodha akaanza kuzipokea kwa WhatsApp kwenye simu yake, mahali ambapo kichujio changu, programu inayokagua barua zinazoingia, hakifiki. Nililinda barua pepe nikaiacha kazi yenyewe wazi.

Zipo faili za kuzuia bila mjadala, zile ambazo zikifunguliwa huendesha programu: exe, scr, js, vbs. Hakuna mhasibu anayetumiwa hizo kwa kazi halali. Tazama pia mwisho wa jina la faili. Windows, isipobadilishwa, huficha kiishio, kwa hiyo «ankara.pdf.exe» mtumiaji huiona «ankara.pdf» tu. Kirusi cha ILOVEYOU mwaka 2000 kilijificha hivyohivyo, kikijiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ndiyo maana kichujio kikague yaliyomo, si jina pekee.

Zip yenye nenosiri ndiyo inayonisumbua zaidi, maana kichujio hakioni ndani. Ikija, naiweka karantini, yaani mahali pa kuizuilia hadi ikaguliwe, kisha nampigia aliyetuma kwa namba tuliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa chini ya barua hiyo. Akithibitisha, naifungua kwenye mashine ya majaribio, naikagua, naiachilia.

Na viambatisho vinavyotoka visisahauliwe. Nakala za vitambulisho vya wateja zikimfikia mtu asiyehusika, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mamlaka ijulishwe mara moja.

Karantini nayo iwe na mwenyewe. Mimi huifungua saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa, na ofisi nzima inajua saa hizo. Tangu nianze hivyo, yule dada ameacha kutumia simu yake.