Masika Yamekwisha Nje, Ndani Bado

Mwishoni mwa Mei mvua za Dar hupungua, upepo unageuka kuwa wa kusi, na alfajiri watu wa Chanika, Msongola na Kimbiji wanaanza kutafuta shuka la pili. Nyuzijoto 19 au 20 usiku (mtu wa Njombe atatucheka) haziui mtu. Kinachoharibu vitu msimu huu ni unyevu ulioachwa na masika kwenye punje, kwenye ukuta na kwenye mbao, wakati ngozi ya juu ya kila kitu imeshakauka.

Mahindi ndiyo yanayodanganya zaidi. Wengi hung'ata punje, ikilia "ka" wanafunga gunia. Jino linapima ganda tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi uliyoikausha kwenye kikaango ikapoa. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, usishangilie bado: ghala linataka asilimia 13, kwa hiyo ongeza siku mbili za jua kali. Ukitumia chumvi mbichi kutoka kwenye pakiti, itanata hata kwa mahindi makavu na utahangaika bure.

Anika juu ya turubai, kamwe si udongoni, kwa unene wa sentimita tatu au nne, na geuza kila baada ya saa moja. Kusanya saa kumi alasiri kabla umande haujaanza, kisha uyaache yapoe kabla ya kufunga. Ukiyafunga ya moto, mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri dhidi ya dumuzi, ila mahindi mabichi ndani yake yanaoza tu kwa bei ghali. Punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi zitupwe, na kuku nao wasipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kwa kuku, kosa ni kinyume chake: watu wanaogopa baridi, wanaziba banda lote kwa viroba. Asubuhi harufu ya mkojo inakuwasha macho, na baada ya wiki vifaranga wanakohoa na kutoa kamasi. Ziba upande unaopigwa na kusi peke yake, kuanzia chini kwenda juu, na juu acha nafasi ya sentimita 30 hewa chafu itoke. Maranda yawe na unene wa sentimita tano hadi nane. Yafinyange mkononi: yakibaki donge, yatoe, hasa kuzunguka vyombo vya maji. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wamezidiwa na joto. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa linaua kwa hewa yake, na hata wewe uliyelala jirani hauko salama.

Bustanini mambo ni mepesi. Kusi inakausha udongo haraka, hivyo tandaza nyasi kavu sentimita tano, mbali kidogo na shina. Mwagilia asubuhi. Matango na maboga yakipata unga mweupe kwenye majani, huo ni ubwiri unga. Kata majani yaliyoshambuliwa mapema na upunguze msongamano.

Rangi ya ukuta isubiri. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji, na rangi yoyote utakayopaka itavimba na kubanduka kabla ya Septemba. Chumvi nyeupe inayojitokeza ikwanguliwe kwa brashi kavu. Ukiifuta kwa maji unairudisha ndani.

Vyombo vinavyokinga maji ya mvua vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa sababu mayai ya baadhi ya mbu hung'ang'ania kwenye kuta za chombo na kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Na ule mlango wa mbao uliokuwa unakwama tangu Aprili, fundi asiuguse kwa sasa. Mbao imevimba kwa maji. Ukipigwa randa leo, Agosti utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole na panya. Pakaa sabuni ya mche kwenye ukingo unaokwama, subiri hadi katikati ya Julai, ndipo upime. Ikibidi kupunguza, rudishia vanishi kwenye ukingo uliokatwa siku hiyo hiyo. Mbao tupu ndiyo itakayonyonya maji ya vuli.