Mshiko wa vijiti vya drams: sawa au wa kulaza?

Mdogo wangu wa Jinja, umeuliza kama mkono wa kushoto ukilaze kijiti kiganjani kama wapigaji wa jazi, au mikono yote ishike sawa. Shika sawa. Ule wa kulaza ulitoka kwa wapiga ngoma wa jeshi, ambao ngoma ilining'inia begani ikiinamia upande. Sneya ya kanisani kwenu, ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji, imekaa tambarare, sasa unamwigia nani? Kibane kijiti kati ya dole gumba na pingili ya kidole cha shahada, kama theluthi moja kutoka kitakoni, vidole vingine vikigusa tu. Kisha kiache kidunde chenyewe. Kikigoma kudunda umekikaba mno, na malengelenge uliyoyataja ndiko yanakotoka. Jazi ikikukolea baadaye, jifunze na ule mwingine.