Shilingi 25,000 ya Moshi na 22,244 ya Taveta: nani anatoa zaidi?

Swali: Nafundisha sekondari ya kutwa Moshi Vijijini. Shemeji yangu ni mwalimu Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Holili. Aliniambia serikali yao hutoa 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Nikamjibu yetu inatoa 25,000, kwa hiyo tumewazidi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitumia jedwali la bajeti za Wizara ya Elimu za nchi zote mbili, na humo wametuacha mbali mno. Nilinganishe vipi kwa haki?

Jibu: Mwalimu, kwenye la kwanza mwache acheke. Kwenye jedwali, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 zetu, hivyo 22,244 yake inakaribia laki nne na nusu. Hata hivyo hazilingani moja kwa moja. Hiyo 25,000 yako ni ruzuku ya uendeshaji peke yake, na nusu yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Inayoingia akaunti ya shule ni 12,500. Shule ya wanafunzi 480 hupata hapo milioni 6 kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, umeme, mlinzi. Fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, ni fungu jingine. Ya Kenya inajumlisha vifaa, ukarabati, michezo na mengineyo katika kiwango kimoja. Ukijumlisha zako unapata 45,000, bado ni kama sehemu moja ya kumi ya kiwango chao. Ni kweli walimu wakuu wa huko nao hulalamika kwamba kinachofika ni pungufu ya kilichoandikwa, lakini hapa wametushinda, tusijifiche.

Sasa jedwali. Wizara yetu ya Elimu ni Fungu 46, yaani namba yake kwenye kitabu cha bajeti. Mshahara wako haumo humo! Shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo mishahara yenu hupitia mafungu ya mikoa: ninyi Kilimanjaro Fungu 75, sisi Arusha Fungu 70. Fungu 46 limebeba vyuo, taasisi na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ambayo huandikwa kwenye matumizi ya maendeleo kana kwamba ni madarasa yanayojengwa. (Jambo hili hunikera kila nikifungua kitabu cha bajeti.) Kenya wana TSC, tume moja ya taifa inayolipa walimu wa shule za umma, na majedwali mengi huijumlisha na wizara. Shemeji yako amepima ng'ombe mzima upande wake, upande wako akaweka paja. Naye kaacha kitu: chekechea zao ziko kwenye bajeti za kaunti.

Wengi hukimbilia asilimia wakidhani huko ni salama. Azimio la Incheon la 2015, makubaliano ya kimataifa kuhusu elimu, linazitaka serikali zitenge asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au 15 hadi 20 ya matumizi yote ya serikali. Uliza: matumizi yote, pamoja na malipo ya deni la taifa au bila? Ukiondoa deni, asilimia ya elimu hupanda ghafla bila dawati moja kuongezeka. Pato la taifa nalo lina mitego. Mwaka 2014 Kenya ilibadili mwaka wa msingi wa hesabu zake (mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato), na pato likakua kwa takriban asilimia 25 kwenye karatasi. Nchi iliyokuwa ikitumia asilimia 5 ya pato kwa elimu, kwa hesabu hiyo inashuka hadi 4, na hakuna mwalimu aliyekatwa hata senti.

Bahati nzuri, mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo hapo hamna la kusumbuka. Chukueni matumizi halisi, si makadirio yanayosomwa bungeni mwezi Juni, kwa sababu kilichopangwa na kilichotoka Hazina mara nyingi ni vitu viwili. Akikutumia jedwali jingine, mwulize kwanza kama TSC imo. Ikiwemo, nawe jumlisha mishahara ya walimu ya mikoa yote, pamoja na sehemu ya elimu iliyo Fungu 56 la TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), ndipo mwendelee kubishana.