Jibu: Fimbo ya kuvulia sangara kwa samaki wa plastiki
Mkuu, umeuliza kama fimbo yako ya futi 8 itafaa kwa wale samaki wa plastiki ngumu wa kuvuta kwa kushtua-shtua, ukiwa mtumbwini Ziwa Victoria. Itakutesa. Ukishtua kuelekea chini, ncha inachapa maji, na jioni kiwiko hakikunjiki. Tafuta futi 6 na nusu, mpini mfupi usiokugonga mbavu.

Ugumu ndipo wengi tunapopotea. Mimi nilinunua fimbo ngumu kama mpini wa jembe. Sangara akaruka, akatikisa kichwa mara moja tu, ndoana zikachomoka. Ncha iwe na nguvu ya kukishtua chambo, ila sangara akivuta fimbo ikubali kupinda hadi katikati. Angalia gramu zilizoandikwa juu ya mpini, yaani uzito wa chambo unaoifaa fimbo hiyo: chambo cha gramu 20, fimbo ya 10 hadi 30 inatosha.