Usikariri nahau mia tano, mdogo wangu

Waalaykum salaam. Kijana wa Wete ameuliza kama akariri nahau mia tano za Kiingereza alizozipata kwenye simu, kabla hajavuka kuja Unguja kutembeza wageni. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo ya Kizimbani. Futa mia nne na tisini kwanza, halafu tuzungumze.

Mimi nilitoka skuli na "raining cats and dogs" kichwani. Masika yalipoanza nikamtupia mama mmoja wa Kiingereza pale Forodhani. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia hiyo aliisikia kwa bibi yake. Maana yake ni hiyo hiyo tuliyofundishwa, mvua kubwa, ila ni sawa na wewe uende Darajani ukamwulize muuza pweza bei kwa lugha ya tenzi.

Iliyoniuma mfukoni ni nyingine. Aprili moja nimekodi gari, nimelipa, nakwenda kuwachukua Mmarekani na mkewe twende Kizimbani. Bwana akatokeza mlangoni, akatazama mawingu, akasema "can we take a rain check?" Nikasikia mvua, nikasikia kukagua. Nikamjibu hamna neno, tusubiri ipite. Akanipungia mkono, akarudi ndani. Mimi na dereva tukakaa garini saa mbili nzima, kila jua likichungulia namwambia washa, naye anazima tena. Kumbe yule bwana keshalala! Hiyo imetoka kwenye besiboli ya kwao: mchezo ukikatizwa na mvua, mtazamaji hupewa kipande cha tiketi aje siku nyingine. Kwa hiyo anayekwambia hivyo amekataa kwa adabu, na hiyo siku nyingine huenda isifike. Angesema "inshaallah" kwa ile sauti yetu ya kuvuta, ningejua pale pale nikaenda zangu kunywa chai.

Tangu hapo nikisikia nahau najiuliza mtu wa kwetu mahali hapo angesema nini. Tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, mgeni alimwambia mpiga fidla mmoja mtu mzima "break a leg", nami kwa haraka nikamfasiria kama ilivyo, "vunja mguu". Mzee akashusha fidla. "Astaghfirullah, nimemkosea nini?" Ni dua ya watu wa jukwaani huko kwao, kumtakia mwenzio mambo yamwendee vizuri. Nilitakiwa kusema "Mungu akujaalie", basi.

Sasa wewe mtoto wa Pemba una mtaji ambao watu wa mjini hawana, bahari. Nahau nyingi za Waingereza zimetoka merikebuni. "Learn the ropes" ni baharia mgeni kuzijua kamba za chombo. Leo mwajiriwa mpya yeyote, hata wa mapokezi hotelini, huambiwa hivyo. "Three sheets to the wind" ndiyo inayowapoteza wengi, wanadhani ni mashuka. Ni kamba, ile ambayo marehemu baba akiiita demani. Ukiiachia, tanga linapigapiga na chombo kinayumba, ndiyo maana husemwa mtu aliyelewa. Na "by and large", ambayo leo ni "kwa jumla" tu, ilikuwa sifa ya chombo kinachokwenda vizuri upepo ukikijia kwa mbele na ukikijia kwa nyuma. Sisi tunao "waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Mgeni akiniuliza maana yake nambebesha dhau nzima kwanza, tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni ndani chini tumboni mwa chombo, ndipo aelewe. Hata jina la kanga ni hivyo hivyo, ukilifasiri neno kwa neno kijembe chote kinamwagika.

Za kuweka kichwani ni zile utakazozisikia kila siku. "Under the weather" mgeni anaumwa kidogo, usimjibu habari za kusi na kaskazi. "Not my cup of tea" hajakipenda, hata kama alichoonja ni urojo.

Usiyoijua muulize mwenyewe, usione haya. Wanapenda sana kueleza. Yule mama wa Forodhani alinieleza mpaka magharibi ikaadhiniwa, na juisi ya miwa akalipa yeye.