Kabla Hujatia Sahihi Barua ya Kupigwa Kalamu

Juzi fundi wa maabara katika taasisi moja ya utafiti ya serikali hapa Kenya aliniandikia: "Kaka, tumeitwa mkutano saa nane. Bosi anasema mradi umekwisha. Kila mtu amepewa barua na tumeambiwa tutie sahihi kabla ya saa kumi na moja. Nifanye nini?"

Jibu fupi: pokea barua, andika "nimepokea" pamoja na tarehe na saa, tia sahihi chini ya neno hilo, basi. Karatasi ya pili, ile inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine, irudishe mezani bila kuigusa. Kuna watu walioitia sahihi kwa hiari yao, na mahakama ikawafungia mlango.

Barua za aina hii zimezoeleka tangu Januari 2025, Rais Trump aliposimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 na miradi mingi ya utafiti ikaamriwa isimame. Wakurugenzi wetu nao wakapata wimbo: "Si sisi, ni wafadhili." Pesa zimekatika kweli, sikatai. Lakini mfadhili hakukuajiri. Tazama jina lililo juu ya mkataba wako. Huyo ndiye mdaiwa wako.

Sasa soma tarehe ya mwisho ya mkataba huo. Kama umekwisha wenyewe na haukuongezwa, hapo hakuna upunguzaji wa wafanyakazi, hata kama umeongezewa mwaka mmoja mmoja mara tano. Unachodai ni kiinua mgongo kama kimeandikwa (mikataba mingi ya serikali huweka asilimia 31 ya mshahara wa msingi), siku za likizo zilizobaki, na mshahara wa siku ulizofanya kazi. Wengi hukasirika hapa, na nawaelewa, ila hasira hiyo haina kifungu.

Kama mkataba umekatwa katikati, au wewe ni wa kudumu, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 ndicho chako. Mwajiri anatakiwa kuarifu chama chenu cha wafanyakazi na afisa wa leba si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama huarifiwa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba pia. Mbali na arifa hiyo, kuna notisi ya mwezi mmoja ya kukuachisha kazi, au mshahara wa mwezi badala yake. Kosa ninaloliona kila mara ni mabosi kuviunganisha viwili hivi katika barua moja ya jioni moja. Kwa hiyo swali lako la kwanza, kwa barua pepe ili libaki: "Afisa wa leba aliarifiwa tarehe ngapi? Naomba nakala."

Hesabu ifanye mwenyewe. Tuseme mshahara ni shilingi 90,000 na umefanya kazi miaka 6 na miezi 8. Sheria inataka malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo ile miezi 8 haihesabiwi. Siku 15 mara 6 ni siku 90. Ukigawa 90,000 kwa 30 unapata 3,000 kwa siku. Mara 90 ni 270,000. Ongeza 90,000 za notisi kama hukupewa muda, na likizo ya siku 11, tuseme, 33,000. Jumla 393,000 kabla ya kodi. Ofisi nyingine hugawa kwa 26, na jibu hubadilika, kwa hiyo waulize wamegawa kwa ngapi na wametumia mshahara upi. Ukiambiwa NSSF inatosha, kataa: michango hiyo haifuti malipo ya siku 15.

Halafu kuna lile linalouma kuliko pesa: nani kabaki. Sheria inataja muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka. Haitaji anayembebea mkurugenzi mkoba. Omba alama zilizotumika kuchagua, za watu wa kada yako. Wakishindwa kuzitoa, hiyo yenyewe ni hoja. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kortini una miaka mitatu, lakini usikae. Watu hukaa wakimlaani bosi kwenye kikundi cha WhatsApp mpaka miezi inapita.

Jambo moja husahaulika: sacco. Maabara nzima mmedhaminiana mikopo, na maabara nzima mmepigwa kalamu siku moja. Makato ya mshahara yakikoma, mkopo wa mwenzako unaweza kukufuata wewe. Nendeni pamoja kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe akiba ya kila mmoja ifute mkopo wake kwanza, na kilichobaki kipangwe upya.

Sasa friza. Najua unatamani kurusha funguo na kuondoka. Usifanye hivyo, kwa sababu sampuli zikiharibika wiki ijayo, jina la mwisho kwenye daftari ni lako. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri: piga picha kioo cha kila moja kinachoonyesha joto, andika idadi ya visanduku na tarehe chujio la vumbi liliposafishwa. Tangi la nitrojeni ya kimiminika, ile ya baridi kali inayohifadhi sampuli, pima mbele ya anayekupokea: chovya kijiti kikavu cha mbao mpaka chini, hesabu sekunde kumi, kitoe, kitikise hewani, barafu nyeupe inayoganda juu yake ndiyo kina. Usitumie bomba lenye tundu, nitrojeni itaruka usoni. Andika sentimita, saa, na siku tangi linapojazwa tena. Meneja anayepunguza watu kwa namba za mradi hajui kwamba aliyekuwa akijaza tangi kila Jumatatu na Alhamisi yumo kwenye orodha yake. Mwambie kwa maandishi, mtie sahihi wote wawili, ubaki na nakala. Usifute faili hata moja ya data, wala usiondoke nayo.

Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki yako chini ya kifungu cha 51, hata kama mmegombana.

Mwisho, king'ora cha friza. Mara nyingi kimeunganishwa na simu ya fundi, yaani yako. Omba namba yako itolewe siku hiyo hiyo na iwekwe ya meneja. Umeme ukikatika saa tisa usiku, simu ilie kwake.